Kwenu Umeme wa Ngapi?

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana, nyinyi mafundi mliobaki hamjaacha kunipigia simu. Gesi ya friji hii ijazwe kiasi gani, kompresa ile inaunguruma kwa nini, na juzi mmoja wenu akaniuliza kwa nini sikuwahi kuruhusu kitu kitoke dukani bila kumuuliza mteja kwao umeme wa ngapi, hata mteja mwenyewe akiwa jirani tunayemjua. Nimeona afadhali niandike mara moja, nipumzike na simu. Habari za vyeo hamtazipata humu, maana niliingia fundi nikatoka fundi. Za mishahara mnazijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Unguja, na kazi hii nilijifunzia Urusi. Hilo wengi wenu hamlijui. Ujanani mwangu serikali yetu ilikuwa na urafiki na nchi za kikomunisti, na vijana waliofanya vizuri skuli walipelekwa huko kusomea kila kitu, kuanzia udaktari hadi matrekta. Mimi nilipelekwa Odessa, mji wa bandari ambao siku hizo ulikuwa chini ya Moscow, nikasomee mashine za baridi. Kumtoa mtu Unguja na kumpeleka kwenye theluji ili akajifunze kutengeneza baridi ni jambo linalonichekesha mpaka leo.

Mwalimu wetu aliitwa Viktor Pavlovich. Alikuwa mtu mnene, mkali, mwenye mikono mipana, lakini mrija wa shaba aliushika kama anashika kitoto kichanga. Kwake hakikutupwa kitu. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo tulijifunza kusuka upya mota zilizoungua na kukata mpira wa mlango wa friji kutoka kwenye mipira ya magurudumu ya lori. Friji zao zilinguruma kutwa kucha, utadhani kuna mtu anasaga mahindi jikoni, ila kufa zilikuwa hazifi.

Siku moja alifunga mlango wa darasa kwa ufunguo, akavuta turubali. Chini yake kulikuwa na friji ya Kimarekani, nyeupe, yenye kona za mviringo. Ilifikaje pale hakusema, na sisi hatukuuliza. Tuliifungua skrubu kwa skrubu, tukaichora yote. Hiyo ilikuwa miaka ya mashindano ya Mrusi na Mmarekani, na magazeti yalijaa roketi, nani katangulia angani na nani kafika mwezini. Viktor Pavlovich alichukua trei ya barafu, ya plastiki laini, ambayo ukiipinda kidogo vipande vya barafu vinatoka vyenyewe. Akaipinda. Akaipinda tena.

"Roketi tunazo," akasema. "Hii hatuna."

Akairudisha ndani, akafunika turubali. Nimesikia hotuba nyingi juu ya ugomvi wa wakubwa wale wawili, na hakuna iliyonieleza vizuri kuliko mzee yule na trei yake.

Niliporudi nyumbani nilifanya kazi kwenye ghala la samaki la serikali. Kwanza viliisha vipuri, halafu ikaisha gesi, halafu wakaisha samaki. Binamu yangu aliyekuwa Riyadh akanitafutia mkataba wa ufundi. Aliponipokea, kabla hata hajanipa maji ya kunywa, alinikalisha chini.

"Khamis, nisikilize. Hapa hakuna ubalozi wa Mrusi wala bendera yake, na jina lake halitajwi ila kwa kulaaniwa. Ukiulizwa kazi umejifunza wapi, sema kwa mjomba wako Darajani."

"Mjomba wangu muuza vitambaa."

"Basi kuanzia leo anatengeneza mafriji. Ukitaja Urusi utaambiwa mkomunisti, na mkomunisti hapa ni halas, amekwisha. Anapandishwa ndege ya kwanza."

Ndivyo nilivyoizika Odessa mdomoni. Si kazi rahisi kama mnavyodhani. Mtu akijipiga nyundo ya kidole hutukana kwa lugha aliyofundishiwa kushika nyundo. Ilinibidi nijifundishe upya kutukana kwa Kiswahili.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba moja ya Al-Suwaidi, upande wa magharibi wa Riyadh. Nilipewa blenda ya madam wa nyumba ile, nikaitengeneza vizuri kabisa, nikaichomeka kwenye soketi ya karibu ili niijaribu. Kwetu Unguja soketi zote ni sawa, huna haja ya kutazama. Pale nyumba moja ilikuwa na umeme wa aina mbili ukutani, volti mia na kumi kwa vitu vya Kimarekani, na mia mbili na ishirini kwa viyoyozi na vitu vya nchi nyingine. Blenda ilikuwa ya mia na kumi. Ilipiga ukelele mmoja, ikatoa moshi, ikanyamaza. Madam alikuwa nyuma ya mlango, kwa kuwa mimi ni mwanamume nisiye wa nyumba ile.

"Imepona?" akauliza.

"Imepumzika, madam," nikajibu.

Msimamizi wangu alinifundisha Kiarabu changu cha kwanza siku hiyo, maneno mawili, mafi mukh, yaani sina akili. Niliyastahili. Usiku nilikaa kitandani nikifikiri jinsi mabwana wakubwa wanavyogawana dunia. Wengine wanagawana kwa mipaka na majeshi, na wengine kwa waya tu. Ukinunua friji kwa Mmarekani umenunua na umeme wake, na jirani yako aliyenunua kwingine hawezi hata kukuazima pasi.

Riyadh nilijifunza mengi. Nilipanda juu ya mapaa ya nyumba kusafisha vile viyoyozi vya maji vinavyopuliza hewa kupitia majani makavu, na vumbi la kule huingia hata kwenye mahali ambapo hewa yenyewe haipiti. Nilishangaa wingi wa vitu. Nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa na friji ya jikoni, friji ya wageni na friji ya vinywaji vya watoto. Kitu kikipata kasoro ndogo kilitolewa nje ya geti kingali kinang'aa. Mara ya kwanza nilipofungua moja ya friji hizo za Kimarekani nilikuta kompresa ndugu yake ile ya chini ya turubali. Nilijua kila mrija unakokwenda. Msimamizi akanisifu kwa wepesi wa kujifunza, nami nikasema mjomba alikuwa mwalimu mzuri.

Mkataba ule ulipokwisha nilihamia Jeddah kwa kafili mpya, yaani mwajiri anayekudhamini ukae nchini. Tulimwita Abu Nasir, yaani baba yake Nasir, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi yao. Alikuwa na duka Al-Safa, mbele anauza vyombo vya umeme vya nyumbani, nyuma karakana. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye maneno machache, aliyekula nasi sahani moja. Kuna makafili nisingependa kuwaandika, lakini huyu naandika jina lake la heshima kwa moyo mkunjufu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Salim, Mhadhrami aliyezaliwa Mombasa na kupelekwa kwao akiwa kijana, kwa hiyo Kiswahili alikijua barabara. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa adui wa Jeddah si joto, ni chumvi. Hewa ya bahari ya pale inakula waya kutoka ndani huku nje bado ni nyekundu na nzuri. Na yeye ndiye mwenye sheria mnayoniuliza. Ilikuwa haijalishi mteja ni waziri au mfagizi, wala kitu ni jokofu au kinyolea ndevu. Kabla hakijafungwa, Mzee Salim aliuliza, "Kwenu umeme wa ngapi?" Bila jibu hakitoki.

"Mwanangu," aliniambia, "tukimpa mtu kitu kizima kikafia kwake, tumemuuzia msiba. Atasimama jikoni na watoto wake wanamtazama."

Pale Jeddah mke wangu Zuhura alikuja kunifuata na binti yetu Asha. Asha alizaliwa na tundu moyoni. Akipanda ngazi chache midomo yake inageuka rangi, anakaa chini bila kulia, anasubiri ipite. Unguja walituambia tuombe Mungu. Jeddah walimwandikisha hospitali, wakamfuatilia, na mwishowe wakampa zamu ya kupasuliwa, baada tu ya msimu wa hija. Yote hayo yalining'inia kwenye ikama yangu, yaani kibali cha kukaa nchini, na ikama yangu ilining'inia kwa Abu Nasir. Mimi nikiondolewa, na mtoto anaondoka na tundu lake. Nilikuwa nayajua hayo kila nilipofumbua macho asubuhi.

Katikati ya miaka hiyo Nasir akaenda Afghanistan. Vijana wengi walikwenda miaka ile kupigana na Warusi, na nyumba zao zilipokea pongezi. Alikuwa kijana wa kucheka, aliyependa kuja karakana kunywa chai yetu yenye tangawizi. Hakurudi. Rafiki yake ndiye aliyeleta habari, kwamba aliuawa milimani na wakalazimika kukimbia, hawakuwahi kumzika kwa mikono yao. Abu Nasir alipokea watu wa rambirambi siku zote za msiba kwa uso mkavu. Baada ya hapo, redio ya duka ikitaja Warusi aliizima. Hakutukana, aliizima tu, na sisi sote tulinyamaza mpaka mteja aingie. Mimi nilinyamaza kuliko wote. Kila herufi ya lugha ile iliyokuwa kichwani mwangu niliiona kama kitu cha wizi.

Halafu dunia ikageuka. Warusi wakatoka Afghanistan, na kule Moscow ikaja miaka ya mageuzi, milango iliyofungwa ikaanza kufunguliwa. Msimu wa hija, uleule wa kabla ya zamu ya Asha, tukaona Jeddah watu ambao hatukuwahi kuwaona, Waislamu wa nchi zilizokuwa chini ya Moscow, wazee kwa wazee, wanaume na kofia zao za nakshi, wanawake na mitandio ya maua. Pesa za kigeni walikuwa hawana, kwa hiyo walitandika shuka kando ya barabara wakauza walivyobeba: darubini, saa, birika za shaba, pasi. Nilipita nikaona pasi nzito ya aina ileile tuliyokuwa nayo bwenini Odessa. Mmarekani alikuwa ameshinda madirishani mwa maduka yote, na mshindani wake alikuwa chini, kwenye shuka, juani. Sikusimama. Nilisikia wakizungumza Kirusi na masikio yangu yakawaka moto.

Siku chache baada ya hija, mwongozaji mmoja alituletea dukani bibi mzee na kaka yake aliye kiziwi. "Hawa wa Bukhara," akasema, akaenda zake. Abu Nasir alisimama kwa heshima. Bukhara kwake ni mji wa wanazuoni, haukuwa Urusi. Akaagiza chai, akasema bibi ahudumiwe kama mgeni wa Mungu.

Bibi alitaka cherehani ya umeme. Alizishika zote, akageuza gurudumu, akasikiliza, ukaona huyu ni mtu wa kazi hiyo. Akachagua moja ya Kimarekani yenye kutoa nakshi. Ilikuwa ya mia na kumi. Mzee Salim akauliza swali lake kwa Kiarabu, bibi akatabasamu. Akamwonyesha soketi hii, bibi akatikisa kichwa kukubali. Akamwonyesha na ile ya pili, akakubali vilevile. Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu.

Mimi nilikuwa ndani ya mlango wa karakana. Nilijua kwao umeme wa ngapi. Nilimnong'oneza Mzee Salim ampe ile ya Kijapani, ya mia mbili na ishirini. Akaileta. Bibi akaisukuma kwa mkono, akaikumbatia yake, akatutazama kwa huzuni, maana alidhani tunambadilishia tumpe hafifu. Tukamletea na kile kisanduku kizito cha kupunguza umeme, akakirudisha, hakukiomba.

"Haitoki hii," Mzee Salim akasema.

"Yalla, mpe anachokitaka," akasema Abu Nasir. "Amevuka dunia. Tusimsumbue."

Mzee Salim akaanza kuifunga kwa shingo upande. Bibi alikuwa anazungumza peke yake kwa Kirusi, taratibu, kama wanavyofanya wazee. Alikuwa anasema, "Atashona, atakula, hataomba mtu." Nilimwona huyo atakayeshona, mwanamke nisiyemjua, akiichomeka ukutani huko Bukhara mbele ya majirani. Niliuona na moshi.

Nikafungua mdomo. "Mama," nikasema kwa Kirusi, "hiyo itaungua. Umeme wa kwenu ni mkubwa kuliko wake. Chukua hii nyingine, hakuna anayekudhulumu."

Aligeuka akanishika mikono yote miwili. Alilia, akaniita mwanangu, akamwaga maneno yaliyokuwa yamemkaa tangu atoke kwao, jinsi miguu inavyomuuma, jinsi alivyopotea Makka, jinsi alivyofanya kazi kiwanda cha nguo na Warusi miaka mingi. Nyuma yake nilimwona Abu Nasir ameweka kikombe chini.

"Hiyo lugha gani, ewe Khamis?"

"Kirusi, baba."

"Umejifunza kwa nani?"

"Kulekule, baba. Serikali yetu ilinipeleka nikiwa kijana, kusomea baridi. Hapakuwa na mjomba."

Hakupandisha sauti. "Miaka yote hii," akasema. Akamtazama bibi, akaona kumbe Bukhara nayo ilikuwa chini ya Mrusi. Kisha akasema, "Muulize, cherehani ya nani?"

Nikauliza. Ni ya mkwe wake, akajibu, mjane wa mwanawe Rustam, ana watoto wadogo.

"Mwanawe aliuguaje?"

Niliuliza hilo pia. Nilijiambia, jibu lolote litakalotoka nitajua namna ya kulifunika. Lakini jibu lilikuwa neno moja, na neno hilo ni moja kwa Kirusi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Alisema, "Afghanistan."

Abu Nasir aliinuka, akapita mlango wa nyuma, tukasikia gari lake likiondoka. Mzee Salim alimfungia bibi cherehani ya Kijapani. Bibi aliniuliza kama amekosa adabu. Nikamwambia hapana, mama, mwenye duka ana msiba.

"Mimi nilijua zamani," Mzee Salim akaniambia tulipobaki wawili. "Aliyefundishwa na mjomba hashiki mrija wa shaba namna ile."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Na kwa faida gani?"

Abu Nasir hakuonekana dukani siku zilizofuata. Nyumbani nilimweleza Zuhura yote. Alinisikiliza huku anakunja nguo za mtoto.

"Ulishindwa kunyamaza kidogo tu?"

"Ingeungua, Zuhura."

"Cherehani," akasema. "Na huyu je?"

Asha alikuwa anachora sakafuni. Zuhura akaanza kufunga masanduku, maana aliona bora waondoke na nguo zao kuliko kusukumwa na walichovaa.

Alasiri moja gari la Abu Nasir likasimama mlangoni kwangu. Hakushuka. "Panda," akasema. Nikamwomba nimuage mke wangu. "Panda, tutachelewa." Nikapanda. Alishika njia ya uwanja wa ndege, nami nikajua. Nilitazama majengo ya Jeddah yanapita. Nilifikiri nimwombe mtoto peke yake abaki, Mzee Salim na mkewe wangemlea mpaka apasuliwe. Nilipanga maneno hayo kwa Kiarabu kizuri, nikayarudia moyoni, na kila nilipotaka kuyatoa nilimwona anavyokodoa macho barabarani nikashindwa.

Tulipofika hakwenda upande wa abiria wa kawaida. Alikata kuelekea kule kwa mahujaji, chini ya yale mapaa makubwa ya mahema, ambako watu huketi juu ya mizigo yao wakingojea ndege.

"Mtafute," akasema.

Sikuelewa.

"Bibi wa Bukhara. Wanaondoka leo. Mtafute, nina la kumuuliza."

Tulizunguka sana katika umati ule. Niliwatambua kwa mitandio ya maua. Bibi alikuwa ameegemea boksi la cherehani, kaka yake anasinzia ubavuni. Aliponiona alifurahi, kisha akamwona Abu Nasir akajikusanya. Abu Nasir hakukaa. Alisimama mbele yake na kanzu yake nyeupe, mikono ameishika kwa mbele.

"Muulize, mwanawe amezikwa wapi?"

"Kwetu, karibu na baba yake," bibi akasema. "Walimleta ndani ya sanduku la bati, limeunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha pande zote. Wakaweka na askari ili tusifungue. Nilimwomba yule askari anionyeshe hata mkono. Alikuwa mtoto kama Rustam, akawa analia, anasema hairuhusiwi. Nimezika sanduku, mwanangu. Aliyemo simjui."

Nilimfasiria Abu Nasir neno kwa neno. Kuunganisha bati kwa risasi ni kazi yangu, najua inavyofanywa, mtu anainama karibu kabisa na moto kidogo, hatua kwa hatua. Abu Nasir akaketi juu ya sanduku la mtu.

"Mwambie, wangu sina hata la bati."

Nikamwambia. Bibi akauliza alifia wapi, na Abu Nasir akamjibu mwenyewe, bila kunisubiri, kwa neno lilelile moja.

Bibi alielewa. Aliona kijana huyo alikuwa upande upi, na Rustam upande upi. Niliogopa. Nilidhani atageuza uso, na nisingemlaumu. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza, "Jina lake nani?"

"Nasir," akasema Abu Nasir.

Kisha akainama kuelekea kwake, akawa anasema nami bila kuniangalia. "Mwambie hivi. Akienda kwenye kaburi lile, amwombee na wangu. Maadamu hamjui aliyemo."

Nilifasiri. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile, na nimebeba majokofu ngazi kwa ngazi. Bibi akaweka mkono kifuani. Akalitamka jina, akalitamka kwa namna ya kwao, Nosir. "Nasir," akasema Abu Nasir taratibu. Akarudia. Bado. Akarudia tena mpaka likatoka kama linavyotoka kwa mama yake. "Naam," Abu Nasir akasema, na hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. Naye akauliza la mwana wa bibi linatamkwaje, akalisema, Rustam, na bibi akamsahihisha pia. Wakaketi hivyo mpaka bibi na wenzake wakaitwa kwenye ndege.

Nilimbebea cherehani hadi askari walipotuzuia.

Abu Nasir alinirudisha nyumbani. Alisimamisha gari mlangoni kwangu, mikono bado kwenye usukani.

"Jumatatu msichana analazwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Usije dukani mpaka waseme wamemaliza naye. Salim atashika kazi."

Nilitaka kusema kitu, kwa lugha yoyote kati ya nilizonazo. "Yalla, shuka," akasema, na nikashuka. Ndani, Zuhura alikuwa ameketi juu ya sanduku kubwa, buibui limeshavaliwa, mtoto amelala mapajani mwake na viatu miguuni. Nikamwambia afungue masanduku.